Neno "amalgam" na donge la dhahabu: mawazo ya mfasiri wa Bukavu

Yeyote anayefasiri hati za Kiingereza hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hukutana mapema na neno amalgam. Huja katika ripoti za usalama, pale mwandishi anapoeleza kwamba kundi fulani la wapiganaji ni amalgam ya wanamgambo wa vijiji kadhaa. Huja katika tathmini za miradi, pale inapoandikwa kwamba utaratibu wa ardhi wa Kivu Kusini ni amalgam ya mila, amri za mkoloni na sheria za Jamhuri. Huja pia, kwa maana yake ya asili kabisa, katika hati zinazohusu dhahabu ya Mwenga, ya Shabunda na ya Fizi. Kamusi nyingi humpa mfasiri neno moja tu la Kiswahili, mchanganyiko, naye hulipokea na kuendelea na kazi, kwa sababu ukurasa ni mrefu na siku ya kuukabidhi imekaribia. Mimi nashikilia kwamba neno hilo moja halitoshi. Katika mkoa ambao dhahabu hutolewa kwa mikono na vita vimeunganisha na kutenganisha watu mara nyingi, kulifasiri ovyo neno hili kunaweza kupotosha ripoti nzima, na huko machimboni kunaweza kumfanya mtu asielewe onyo lililoandikwa kwa ajili ya uhai wake.

Ni vizuri tuanzie machimboni, kwa kuwa neno lenyewe lilizaliwa katika kazi ya metali. Zebaki, ambayo wengi kwetu huijua kwa jina lake la Kifaransa, mercure, ndiyo metali iliyo majimaji katika joto la kawaida. Huganda ikipoa hadi nyuzi 39 hivi chini ya sifuri na huchemka kwenye nyuzi 357 hivi za Selsiasi. Ikigusana na dhahabu huikamata. Huikamata pia fedha, bati, zinki na shaba, lakini chuma haikishiki, ndiyo maana tangu zamani imesafirishwa katika chupa za chuma bila kuzila. Tabia hiyo ya kuchagua ndiyo iliyoifanya itafutwe na wachimbaji wa nchi nyingi kwa karne nyingi, maana katika karai la mchanga yenyewe huendea dhahabu na kuuacha mchanga.

Kamituga, katika eneo la Mwenga, mawe yaliyotolewa mashimoni hutwangwa mpaka yawe unga, na kwa kiasi kikubwa kazi hiyo hufanywa na akina mama. Unga huoshwa kwa maji juu ya ubao uliowekwa mteremko, mchanga mwepesi ukaenda na maji, ule mzito ukabaki. Kinachobaki ni mchanga mweusi wenye chembe ambazo jicho lisilozoea halizioni. Katika machimbo yanayotumia zebaki, hapo ndipo kiasi kidogo humwagwa ndani ya karai na kusuguliwa kwa kiganja kitupu, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka chembe za dhahabu zipotee kabisa. Halafu kilichomo humiminwa juu ya kitambaa, kitambaa hukunjwa na kukamuliwa kwa nguvu za mikono yote miwili, na zebaki iliyozidi hupenya kwenye nyuzi na kudondoka katika chombo kilicho chini, vitone vikikimbiliana na kuungana. Kitambaa kikifunguliwa huonekana donge dogo la rangi ya fedha, zito kuliko macho yalivyotarajia, laini kiasi cha kupokea alama ya kidole gumba. Dhahabu haionekani tena, rangi yake ya njano haipo, lakini karibu nusu ya uzito wa donge ni dhahabu. Likiwekwa motoni, zebaki hupaa kwa mvuke usioonekana, na juu ya kipande cha chuma hubaki dhahabu yenye vishimo vingi, tayari kupelekwa kwa mnunuzi, ambaye mara nyingi ataichoma tena ili kuondoa zebaki iliyosalia kabla ya kuipima.

Donge hilo ndilo amalgam. Ukilitazama kwa makini unapata karibu kila jambo ambalo Kiingereza kinalidai kutoka kwa neno hili. Vitu viwili vimeungana mpaka jicho haliwezi kusema hapa ni kimoja na hapa ni kingine. Kilichotokea kina tabia yake, kwa kuwa donge si gumu kama dhahabu wala halitiririki kama zebaki. Muungano wenyewe haukutokea kwa bahati: mkono uliusugua kwa kusudi. Na jambo la mwisho, ambalo waandishi wengi hulisahau, ni kwamba asili ya kila kimoja haikufa, kwani joto la kutosha hurudisha dhahabu ilivyokuwa.

Historia ya neno nitaipitia haraka. Kiingereza kililipokea katika karne ya 15 hivi kutoka Kifaransa na Kilatini cha zama za kati, likiwa neno la watu wa alkemia, elimu ya zamani ya kujaribu kugeuza metali kuwa dhahabu. Kabla ya hapo njia yake haionekani wazi. Wengi hulihusisha na neno la Kigiriki malagma, lililotaja dawa laini ya kubandika mwilini, na wapo wanaoona kwamba lilipita katika Kiarabu, lugha ambayo sisi nasi tulipokea kwake neno zebaki. Kazi yenyewe ilipata umaarufu mkubwa huko Amerika, baada ya Bartolomé de Medina kuonyesha huko Pachuca, Meksiko, katika miaka ya 1550, namna ya kutoa fedha katika mawe kwa wingi kwa kutumia zebaki. Baadaye zebaki ya Huancavelica nchini Peru ikawa inatumika kutoa fedha ya Potosí. Hivyo neno lilisafiri pamoja na biashara ya madini, na likiwa njiani likaanza kutumiwa na watu ambao hawajawahi kugusa karai.

Katika Kiingereza cha leo maana ya metali imebaki kwa wanakemia, wachimbaji na madaktari wa meno. Ujazo wa rangi ya fedha unaozibia meno yaliyotoboka huitwa kwa jina hilo, na karibu nusu yake ni zebaki iliyochanganywa na unga wa fedha, bati na shaba. Umoja wa Ulaya umeusimamisha tangu Januari 2025, isipokuwa pale tabibu anapouona ni wa lazima kwa mgonjwa fulani. Matumizi yaliyoenea zaidi, hata hivyo, ni yale ya kitamathali, na hayo ndiyo yanayotusumbua sisi wafasiri.

Mwingereza anayeandika kwa uangalifu hatumii amalgam kwa kila kitu kilichochanganyika. Kwa mambo ya kila siku ana mixture, neno lisilodai chochote zaidi ya kuwa pamoja. Kwa vitu vilivyochaguliwa na kulinganishwa ili viende pamoja kwa ulaini ana blend, na hapo mfano wetu wa karibu ni unga wa muhogo na unga wa mahindi ambao mama wa nyumbani hupima kila mmoja kabla ya kupika bugali, akijua bugali anayoitaka ni ya ugumu gani. Kwa dutu ambazo kemia imezifunga kwa kipimo kisichobadilika ana compound. Neno amalgam huliweka kwa mambo yaliyotoka sehemu mbalimbali, aghalabu zisizofanana, yakaungana kuwa jambo moja lenye sura yake. Ataandika kwamba mhusika fulani katika riwaya ni amalgam ya watu watatu aliowajua mwandishi, yaani mwandishi amechukua sauti ya mmoja, kazi ya mwingine na tabia ya wa tatu, akaumba mtu mmoja ambaye hakuna kati ya wale watatu atakayejitambua ndani yake kikamilifu. Kwa kawaida neno hufuatwa na kihusishi of na majina mawili au zaidi, na lina hadhi ya maandishi rasmi, sokoni halisikiki. Mwanafunzi anayeandika kwamba chai ni amalgam ya majani na maji amevunja desturi ya lugha hata kama sarufi yake ni safi.

Yafaa pia kutenganisha tokeo na tendo. Amalgam ni tokeo, lile donge lililoko mkononi. Amalgamation ni tendo la kuunganisha, na amalgamate ni kitenzi chake. Waingereza walikipenda kitenzi hicho katika mambo ya taasisi. Mwaka 1851 mafundi mitambo wa Uingereza waliunganisha vyama vyao kuwa chama kimoja, Amalgamated Society of Engineers, na mfano wao ukaigwa na vyama vingi vya wafanyakazi. Tarehe 1 Januari 1914, Frederick Lugard, gavana wa Kiingereza, aliunganisha himaya ya kaskazini na ile ya kusini kuwa Nigeria moja, na mpaka leo Wanigeria hulitaja tukio hilo kwa neno hilohilo. Linganisha na Tanganyika na Zanzibar, zilizoungana tarehe 26 Aprili 1964 kwa makubaliano ya viongozi wawili wa nchi huru. Kiingereza huliita jambo hilo union, nacho Kiswahili Muungano. Kwa maoni yangu tofauti hii si ya bahati. Katika amalgamation ya Nigeria kulikuwa na mkono wa juu uliosugua, na waliounganishwa hawakuulizwa. Mfasiri anayeandika "muungano" mara zote mbili anakuwa amewapa wananchi wa Nigeria wa 1914 sauti ambayo hawakupewa.

Hapa kwetu Kiingereza hakiji peke yake. Sisi tumesoma kwa Kifaransa, na Kifaransa kina neno amalgame ambalo kwa sura ni ndugu wa damu wa lile la Kiingereza, lakini katika mazungumzo ya kisiasa limechukua njia nyingine. Anayesema kwamba watu wasifanye amalgame anawaonya wasiwahukumu wote kwa kosa la baadhi: wasimwone kila kijana wa kabila fulani kuwa mwasi, wala kila mkimbizi kuwa mjumbe wa adui. Ni lawama kwa akili iliyochanganya yaliyopaswa kutenganishwa. Kiswahili kina methali inayobeba fikra hiyohiyo inayolaumiwa: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tena kina usemi wa kila siku, kuwatia watu wote kapu moja, ambao naona ndio tafsiri bora kabisa ya amalgame ya Kifaransa katika maana hii, bora kuliko neno lolote la kubuni.

Taabu hutokea pale msomaji wa Bukavu anapoyasoma maandishi ya Kiingereza kwa macho ya Kifaransa. Nimeshuhudia kikao ambapo ripoti ya Kiingereza ilieleza kwamba kikundi fulani cha kujilinda ni amalgam ya vijana wa jamii kadhaa. Mwandishi alitaka kusema kwamba vijana hao wametoka sehemu tofauti na sasa ni kikosi kimoja, jambo ambalo lingeweza hata kuhesabiwa kuwa la heri. Baadhi ya waliokuwepo walilielewa kuwa shutuma, kwamba mwandishi amezitia jamii zote kapu moja na kuziita za wapiganaji, na hasira iliyofuata haikuhusu jambo lolote lililoandikwa. Njia ya kurudi nayo ina shimo lake. Mwenzetu anayeandika Kiingereza akitaka kuonya dhidi ya kapu moja, akaandika kwamba tusifanye amalgam, Mwingereza hatamwelewa. Huko kitenzi kinachotumika ni conflate, ama husemwa kwa urefu kwamba watu wasiwekwe fungu moja. Maneno yanayofanana sura kati ya lugha hizi mbili ni mengi, lakini machache yana madhara kama hili, kwa sababu linagusa hasa jambo linalotugawa: nani ni wa pamoja na nani, na nani amemweka pamoja naye.

Kifaransa kina maana ya tatu pia, ya kijeshi, inayotufikia moja kwa moja. Mnamo Februari 1793, jeshi la Mapinduzi ya Ufaransa likiwa na askari wa zamani wa mfalme upande mmoja na maelfu ya waliojitolea upande mwingine, bunge lilipitisha sheria ya kuwaunganisha: batalioni moja ya askari wa zamani pamoja na batalioni mbili za waliojitolea, kuwa nusu-brigedi moja. Kazi hiyo iliitwa amalgame. Neno likatumika tena mwishoni mwa vita vikuu vya pili, wapiganaji wa msituni walipoingizwa katika jeshi la Jenerali de Lattre wa Ufaransa kati ya 1944 na 1945. Anayejua historia hiyo ataona kwamba Kongo ilipofika mlango huohuo haikulichukua neno lile, bali ilichukua mengine mawili ya Kifaransa, yote ya kuchanganya, nayo yakawa maneno ya kila siku hata kwa wasiojua Kifaransa: brassage na mixage.

Nataka kukaa hapa kidogo. Baada ya mapatano ya Sun City na kuundwa kwa serikali ya mpito mwaka 2003, jeshi jipya la taifa lilipaswa kujengwa kwa askari wa serikali ya Kinshasa, wa RCD na MLC, makundi mawili ya waasi, wa Mai-Mai, wanamgambo wa vijijini, na wa makundi mengine yaliyokuwa yamepigana. Brassage ulikuwa utaratibu wa kuwaleta wapiganaji hao katika vituo, kama kile cha Luberizi katika bonde la Ruzizi, kile cha Nyaleke karibu na Beni au kile cha Kitona huko magharibi, kuwapa wanaotaka nafasi ya kurudi uraiani, kisha kuvunja vikosi vya awali, kuwafunza waliobaki pamoja na kuwapeleka katika brigedi mpya, mbali na mahali walipotoka. Kitenzi cha Kifaransa brasser hutumika pia kwa kupika bia, na picha iliyo ndani yake ni ya kukoroga mpaka mwanzo usionekane. Mixage ulikuja mwanzoni mwa 2007 huko Kivu Kaskazini, kwa wapiganaji wa jenerali mwasi Laurent Nkunda. Hao waliwekwa pamoja na vikosi vya serikali katika brigedi zilizoitwa Alpha, Bravo, Charlie na kuendelea, lakini walibaki Kivu, karibu na wakubwa wao wa zamani. Kabla ya mwaka huo kwisha mpango ulikuwa umesambaratika na vita vimerudi.

Msomaji wa Kiswahili anayeletewa neno "mchanganyiko" kwa taratibu hizo mbili hawezi kujua kwa nini watu walibishana juu ya moja dhidi ya nyingine, wala kwa nini mwaka 2007 wananchi wengi wa Kivu walikuwa na hofu. Ubishi wote ulikuwa juu ya swali ambalo donge la Kamituga hulijibu: je, vitu hivi vimesuguliwa mpaka vikawa kitu kimoja, ama vimewekwa tu katika karai moja? Brassage ulilenga la kwanza, hata kama haukulifikia kila mahali. Mixage uliishia kwenye la pili. Mimi hufasiri brassage kuwa "kuwavunja, kuwachanganya na kuwatawanya askari", na mixage kuwa "kuwachanganya askari bila kuwahamisha". Ni marefu, nakubali, lakini urefu huo unambebea msomaji jambo ambalo neno moja lingelidondosha.

Basi ni maneno gani tunayo? Tunayo mengi, na kila moja lina kazi yake. Mseto, ambao kwa asili ni chakula cha nafaka na kunde zilizopikwa pamoja, umeingia katika siasa kwa jina la serikali ya mseto, na unafaa sana pale ambapo sehemu zinaendelea kuonekana na kila mmoja anajua chama chake. Kikundi cha wanamgambo ambao kila kijiji bado kina kamanda wake ni mseto, hata kama ripoti ya Kiingereza imekiita amalgam. Mfasiri anayejua uwanja ana haki ya kuchagua hivyo, mradi awe na hakika ya uwanja. Aloi ni neno la mafundi kwa metali zilizoyeyushwa pamoja, na linajitosheleza, ila halidokezi zebaki. Muungano hudai ridhaa. Mkorogo una harufu ya vurugu, na mara nyingine ndiyo harufu inayotakiwa. Mchanganyiko ni neno pana linalopokea kila kitu, na kwa sababu hiyohiyo nalitumia pale tu ambapo mwandishi wa Kiingereza naye hakukusudia zaidi ya upana huo. Kwa mhusika wa riwaya nisingetafuta nomino hata kidogo. Ningesema kwamba mwandishi amemuumba mtu huyu kwa kuwaunganisha watu watatu. Kiswahili ni lugha ya vitenzi, na mara nyingi nomino nzito ya Kiingereza hupata pumzi ikigeuzwa kitenzi chenye mtendaji.

Anayetaka kuona amalgam ya kweli ndani ya lugha, asitazame sentensi zetu za mjini ambamo Kiswahili, Kifaransa na Kimashi hupokezana. Hizo ni mseto, na mtu aliyekaa mtaa wetu wa Kadutu mwaka mmoja anaweza kuzichambua neno kwa neno. Atazame jina wanaloitwa akina mama wanaotwanga mawe Kamituga: twangaises. Shina ni kutwanga, kitenzi chetu cha kinu na mchi. Mwisho wake ni kiambishi cha Kifaransa kinachotaja wanawake wa mahali fulani, kama vile wa Kongo wanavyoitwa congolaises. Hakuna anayelitamka neno hilo akasikia mshono, na si Kiswahili tena wala si Kifaransa cha Ufaransa. Limezaliwa kazini, likaingia katika ripoti, na watafiti wa kigeni hulitumia bila kulifasiri. Naliheshimu neno hilo kwa sababu limewapa jina la kazi wanawake ambao hati za zamani za makampuni hazikuwahesabu.

Kwa ajili ya akina mama hao hasa ndipo tafsiri ya amalgam inapokuwa jambo zito. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa Kumamoto, Japani, Oktoba 2013, na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Umepewa jina la mji ambao watu wake walikula samaki waliobeba zebaki kutoka maji machafu ya kiwanda cha kemikali, ugonjwa wao ukatambuliwa rasmi mwaka 1956, wengi wakiwa wamekwisha kupoteza hisia za mikono, kuona vizuri, hata uhai, na watoto wakazaliwa na madhara kutoka tumboni. Tathmini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya 2018 ilionyesha kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa takriban asilimia 38 ya zebaki yote ambayo kazi za wanadamu hurusha hewani, kuliko shughuli nyingine yoyote. Sehemu kubwa ya mvuke huo inatoka kwenye madonge kama lile nililolieleza, yakichomwa hadharani, na anayeuvuta kwanza ni yule aliyeinama juu ya moto. Mvuke wa zebaki huingia mapafuni, ukafika kwenye damu, ukadhuru ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua.

Kiambatisho cha mkataba huo kinataja matendo manne ambayo nchi zinapaswa kuyakomesha, na neno letu limo. Nimeona karatasi za mafunzo ambamo onyo la pili limefasiriwa kuwa "msichome mchanganyiko mahali pa wazi". Mama wa Kamituga hana kitu kinachoitwa mchanganyiko. Ana zebaki, ana mchanga, ana donge. Onyo lisilotaja kitu kilichoko mkononi mwake haliwezi kumfikia. Neno amalgamu, lililoandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, linafaa katika kitabu cha shule na katika sheria, na ningependa kamusi zetu zilipokee wazi kwa maana hiyo ya metali peke yake. Kwenye bango la machimbo naliweka pembeni na kuandika hivi: Usimwage zebaki juu ya unga wote wa mawe, osha kwanza, ubakize mchanga mzito. Usichome donge la zebaki na dhahabu bila chombo kilichofungwa cha kunasa mvuke. Usilichome nyumbani, wala karibu na nyumba, wala juu ya mbabula unayopikia. Usitie sianidi kwenye mchanga uliokwisha kutiwa zebaki kabla zebaki haijaondolewa.

Neno "mbabula", yaani jiko la makaa, halimo katika mkataba. Mkataba unasema maeneo ya makazi. Nimeliongeza kwa sababu moto ulio tayari katika nyumba nyingi ni huo, na mvuke ukishapoa hutua kwenye kuta, kwenye nguo na kwenye sufuria, ambako watoto na wajawazito watakutana nao siku nyingi baada ya dhahabu kuuzwa. "Chombo kilichofungwa cha kunasa mvuke" ni maelezo ya kifaa ambacho mafundi hukiita retoti, na pale ambapo kifaa hicho kimefika machimboni na watu wamekizoea kwa jina hilo, jina lao ndilo liandikwe. Kabla ya maandishi hayo kupelekwa kwa mchapishaji, yanapaswa kusomwa kwa sauti mbele ya wanaotwanga, wanaokamua na wanaochoma, na kila neno watakalouliza maana yake libadilishwe hapohapo.